Kucha Zilizotiwa Rangi: Hina ya Majani na Rangi ya Chupa



Katika nyumba zetu za pwani, hasa zinapokaribia Sikukuu na miezi ya harusi, huzuka ugomvi mmoja mdogo ambao hurudi kila mwaka kama kusi na kaskazi. Msichana huketi ukumbini na kichupa cha rangi, ametandaza vidole juu ya goti, akijipaka ukucha mmoja baada ya mmoja. Mama yake humwambia: "Hayo ni mambo ya Kizungu, yatoe." Msichana hujibu: "Na bibi je? Mbona kucha zake ni nyekundu na hakuna anayemwambia neno?" Hapo mama hukosa la kusema. Baba akiulizwa husema ni haramu, na akiulizwa uharamu wake umetoka wapi, husema ni kuwaiga makafiri.

Jawabu hilo halitoshi, na sehemu yake si kweli. Anayemwambia binti wa Kiislamu kwamba mwanamke kutia rangi kucha zake ni desturi ya kigeni, hakuisoma tarikhi ya dini yake. Na binti anayedhani kwamba rangi ya chupa ni hina tu iliyokwisha tayarishwa, naye hajui kile anachojipaka kimetoka wapi. Wote wawili wana haki ya kuelezwa, na maelezo yenyewe ni marefu kidogo, basi tunaomba subira.

Tuanze na zama za Mtume wetu (S.A.W.). Imepokewa kutoka kwa Bibi Aisha (R.A.), nayo imo katika kitabu cha Imam Abu Dawud na cha Imam Nasai, kwamba mwanamke mmoja alinyosha mkono wake kutoka nyuma ya pazia, ameshika barua ya kumpa Mtume. Mtume akauzuia mkono wake, akasema kwamba hajui kama ule ni mkono wa mwanamume au wa mwanamke. Mwanamke akasema kuwa ni wa mwanamke. Mtume akamweleza kwamba lau yeye ni mwanamke angalizibadili kucha zake, yaani kwa hina. Wanavyuoni wa hadithi wamesema maneno juu ya isnadi yake, wengine wakaidhoofisha na wengine wakaikubali, wala hatutaki kumficha msomaji jambo hilo. Lakini tazama kisa chenyewe kinasema nini. Uso haukuonekana, wala nywele, wala nguo. Kilichoonekana ni mkono tu, na katika mkono ule zikaulizwa kucha.

Ziko hadithi nyingine zinazoonyesha jinsi hina ilivyokuwa kitu cha nyumbani katika mji wa Madina. Bibi Salma, aliyemhudumia Mtume, amepokea kwamba mtu akilalamika maumivu ya miguu aliambiwa aitie hina, na kwamba Mtume alipopatwa na jeraha au mwiba alipawekea hina pale mahali. Bibi Aisha mwenyewe alipoulizwa na mwanamke mmoja juu ya kujitia hina, alisema hapana ubaya, illa yeye haipendi kwa kuwa mpenzi wake, yaani Mtume, hakuwa akiipenda harufu yake. Imam Abu Dawud amefasiri kwamba alikusudia hina ya nywele za kichwa. Nami kila nikifika hapo darasani wanafunzi wa kike hutabasamu, kwani wanaona nyumba ile tukufu nayo ilikuwa na mke anayejua mumewe anapenda harufu gani.

Na kwa kuwa hina ilihesabiwa kuwa ni pambo la mwanamke, sharia ikaifuatisha na hali zake. Mjane aliye katika eda amekatazwa kujitia hina kama alivyokatazwa wanja na mapambo. Mwanamke anayetaka kuhirimia Hija, mafakihi wa madhhabi yetu ya Shafi wamempendelea ajitie hina mikononi kabla ya kuingia katika ihramu. Mwanamume naye amekatazwa kutia hina mikono na miguu yake kwa pambo, ingawa ndevu zenye mvi ameruhusiwa, na Seyyidna Abubakar (R.A.) alizitia zake hina iliyochanganywa na katam. Kwa hivyo yule kijana anayekaa na maharusi akachovya kidole chake kwa mzaha, na aambiwe kwamba mzaha huo si wake.

Sasa tuutazame mti wenyewe. Mhina ni kichaka cha nchi za joto na ukavu. Hupandwa Sudan, Yemen, Bara Hindi, Moroko, na katika nyua zetu pia huota tukiushughulikia. Watu waliutumia kabla ya Uislamu kwa karne nyingi. Katika maiti za kale za Misri, zile zilizohifadhiwa kwa madawa, zimeonekana nywele na kucha zenye rangi ya hina. Majani yake huanikwa, hutwangwa kinuni, kisha huchungwa kwa kitambaa chepesi hata yakawa unga laini kama wanja. Unga hukandwa kwa maji ya ndimu, huachwa saa kadhaa, ndipo hupakwa. Mabibi zetu hawakusoma kemia, lakini walijua kuwa bila ya ndimu hina haikolei vizuri, na kuwa ukiharakisha utapata rangi ya manjano hafifu isiyodumu. Wataalamu wa leo wanaeleza sababu. Ndani ya jani mna kitu kinachoitwa losoni, na uchachu wa ndimu hukitoa polepole na kukihifadhi. Losoni hiyo ikikutana na keratini, ambayo ndiyo inayofanya ukucha, unywele na ngozi ya juu, hushikana nayo moja kwa moja.

Hapa pana jambo ambalo namwomba msomaji alishike vizuri, kwa sababu tutalirudia. Hina ikishakwanguliwa haibaki kitu juu ya ukucha. Rangi imeingia ndani yake. Siku ya kwanza huwa ya machungwa, siku ya pili hukolea, na katika ngozi hudumu wiki moja hadi tatu. Katika ukucha haitoki kwa sabuni wala kwa kusugua. Hutoka kwa ukucha kukua na kukatwa, na ukucha wa mkono hukua kama milimita 3 tu kwa mwezi, hivyo hupita kama miezi 6 kabla haujawa mpya wote.

Ni ajabu ya uumbaji kwamba rangi hii haimo katika mhina peke yake. Huko China na Korea, tangu zamani, wasichana huchukua ua la bustani la jamii ya balsamu, huliponda pamoja na shabu, huliweka juu ya kucha, na kuzifunga kwa majani na uzi usiku mzima. Wataalamu walipolichunguza ua lile wakakuta ndani yake losoni ile ile. Watu wawili wasiojuana, pande mbili za dunia, waliongozwa kwenye kitu kimoja.

Ama kwetu pwani, ushahidi wa maandishi tunao. Seyyida Salme binti Said bin Sultan, aliyezaliwa Unguja mwaka 1844 na kuhamia Ujerumani, alichapisha kumbukumbu zake huko mwaka 1886. Humo ameeleza hina ya Sikukuu katika majumba ya baba yake: unga uliokandwa, mikono na miguu iliyofungwa, na mabibi waliolala chali bila kujisogeza usiku kucha ili rangi isiharibike. Lugha yetu nayo ina mzaha wake, usiku kucha kwa ajili ya kucha. Na siku ya hina ya bibi harusi, msomaji hahitaji kuelezwa na mimi. Kila mji wa pwani una mpaka hina wake, na mpaka hina mzuri huwekewa miadi miezi kabla ya harusi.

Desturi hii tunashirikiana na Waislamu wengi. Moroko na Yemen wana usiku wa hina, Waturuki wanao, Sudan na Bara Hindi wanao. Mwezi wa Desemba mwaka 2024 shirika la UNESCO liliingiza desturi za hina katika orodha ya urithi wa wanadamu, kwa maombi ya nchi 16 za Kiarabu, Oman na Yemen zikiwa miongoni mwao. Pwani yetu haimo katika orodha hiyo. Si kosa la UNESCO, bali ni sisi hatukupeleka maombi.

Sasa naomba msomaji anifuate mbali kidogo, hadi Hispania, kwa sababu huko hina iliwahi kushitakiwa, na kisa chake kinamhusu kila anayesema kuwa kucha zenye rangi ni alama ya ukafiri.

Mji wa Granada, ngome ya mwisho ya Waislamu katika Andalusi, ulitekwa mwaka 1492. Mapatano ya kusalimu amri yaliahidi kwamba Waislamu wataachiwa dini yao. Haikupita miaka kumi ahadi ikavunjwa, watu wakabatizwa kwa nguvu, na waliobatizwa wakaitwa Moriscos. Kwa karatasi walikuwa Wakristo. Nyumbani wengi walisali kwa siri. Basi watawala na wale makadhi wa Kanisa wakawa wanatafuta dalili za nje za Uislamu uliofichwa: nani hali nguruwe, nani anakoga Ijumaa, nani amefunga mwezi wa Ramadhani, na mwanamke gani ana hina mikononi. Neno lenyewe la Kihispania la hina, *alheña*, limetoka katika Kiarabu. Hina ni ushahidi mbaya kwa anayejificha, kwa sababu mtu aweza kuficha msala na kunyamaza kimya, lakini kucha zilizokolea haziwezi kuoshwa zikatoka asubuhi ya pili. Mwanamke aliyejipaka usiku wa harusi ya jamaa yake alitembea na dalili yake mkononi kwa miezi.

Mwaka 1567 ikatangazwa amri ya Mfalme Felipe wa Pili: Kiarabu kisisemwe, nguo za Kiislamu zisivaliwe, hamamu zifungwe, milango ya nyumba iachwe wazi siku ya Ijumaa ili yaonekane yanayofanywa ndani, na wanawake wasijitie hina. Mzee mmoja wa Granada, Francisco Núñez Muley, mtu wa ukoo mkubwa wa Kiislamu aliyekuwa tayari na umri mkubwa, aliandika maombi marefu kwa wakuu wa mji akizitetea desturi za watu wake moja moja. Hakusema kuwa ni dini, kwani kusema hivyo kungalimwangamiza. Alisema kuwa ni mila za nchi, na juu ya hina alisema ni kitu cha usafi na afya. Hawakumsikiliza. Mwisho wa mwaka 1568 watu wa milima ya Alpujarras wakaasi, vita vikawa vikali, na kuanzia mwaka 1609 hadi 1614 Moriscos wakafukuzwa kutoka Hispania, wengi wao wakivukia Afrika ya Kaskazini.

Basi mwenye kusimama leo juu ya mimbari na kusema kwamba kutia rangi kucha kumetoka kwa makafiri, na ajue kwamba kulikuwa na zama ambapo makafiri wenyewe walikutaja katika amri ya mfalme kuwa ni jambo la Waislamu, wakakukataza.

Tukimaliza hayo, tuje kwenye kichupa. Nacho kina tarikhi yake, wala haikuanzia katika duka la mapambo. Mwaka 1846 mtaalamu wa Uswisi aliyekuwa Basel, Christian Schönbein, aligundua kwamba pamba ikitiwa katika tindikali fulani hugeuka kuwa kitu kinachowaka kwa ghadhabu kama baruti. Kitu hicho huitwa nitroselulosi. Walikitumia katika silaha, na baadaye filamu za sinema za zamani zilitengenezwa kwacho, ndiyo maana zilikuwa zikishika moto upesi. Kikiyeyushwa katika maji maji makali yanayopaa haraka, kisha kikapakwa, yale maji maji hupaa na kubaki utando mgumu unaong'aa. Mwaka 1923 kampuni ya DuPont ya Marekani ikatoa rangi ya magari iitwayo Duco kwa njia hii. Kabla yake, gari lililopakwa rangi ya mafuta lilihitaji siku nyingi, hata wiki, likauke. Duco ilikauka kwa muda mfupi tu, na viwanda vya magari vikaikimbilia.

Kutokana na ufundi huo huo ndipo ilipopatikana rangi ya kucha tunayoijua. Kampuni ya Cutex ilikuwapo tangu mwaka 1911, ikiuza kwanza dawa ya kulainisha kinyama cha pembeni mwa ukucha, kisha, katika miaka hiyo hiyo ya 1910, rangi nyepesi ya kung'arisha. Mwaka 1932 mjini New York, Charles Revson na ndugu yake Joseph, pamoja na mkemia Charles Lachman, wakaanzisha kampuni ya Revlon, wakauza rangi nzito iliyofunika ukucha wote usionekane chini yake. Vichupa vikatapakaa ulimwenguni. Sisi tuliokuwa watoto katika miaka ya 1960 tulivikuta tayari madukani, na hadi leo watu wengi wa Afrika Mashariki huiita kila rangi ya kucha "Cutex", hata ikiwa imetengenezwa na kampuni nyingine kabisa, kama vile jina la mtu mmoja likipewa ukoo mzima.

Msomaji ameona tofauti. Hina ni rangi iliyoingia. Ya chupa ni utando uliolala juu, ndugu yake rangi ya gari. Gari hupakwa ili maji ya mvua yasifike kwenye bati. Na mwanamke wa Kiislamu anahitaji maji yafike kwenye ukucha mara tano kwa siku.

Hapo ndipo palipo na suala lenyewe, wala si katika wekundu. Mwenyezi Mungu ametuamrisha katika Suratul Maida, aya ya 6, kuosha nyuso na mikono hadi vifundoni, na ukucha ni katika mkono. Imam Muslim amepokea kutoka kwa Seyyidna Omar (R.A.) kwamba mtu mmoja alitawadha akaacha mahali pa kiasi cha ukucha mguuni mwake pasipopata maji. Mtume (S.A.W.) akapaona, akamwamuru arudi akautengeneze udhu wake. Kiasi cha ukucha! Na binti yetu anao kumi mikononi na kumi miguuni.

Wako wanaodhani kwamba wanavyuoni wa leo wamelibuni jambo hili ili kuwaonea wanawake. Imam Nawawi, aliyefariki mwaka 676 wa Hijra, sawa na 1277, takriban miaka 650 kabla ya rangi ya Duco, ameandika katika kitabu chake Al-Majmu kwamba kukiwa na nta, au unga uliokandwa, au hina yenyewe juu ya kiungo, ikayazuia maji yasifike, twahara haisihi. Na kukibaki athari ya hina na rangi yake bila ya kiwiliwili chake, twahara ni sahihi. Mstari ameupiga yeye, na rangi ya chupa ilipokuja ilikuta mstari umekwisha pigwa.

Wala maneno yale hayamwachi bibi salama. Ameitaja hina! Yule anayelala na hina iliyofungwa, akaamka Alfajiri akamwagia maji juu ya unga ulioganda, udhu wake ni sawasawa na wa mwenye rangi ya chupa. Na akwangue kwanza, aoshe, ndipo atawadhe, hata kama rangi haijakolea kama alivyotaka. Nimewaona kina mama wakali sana kwa binti zao juu ya kichupa, nao wenyewe hukaa na hina mpaka jua likachomoza.

Basi tumwambie nini msichana aliye ukumbini? Tumwambie ukweli ulivyo. Rangi hii si najisi wala kujipaka kwenyewe si dhambi, ikiwa pambo lake halionyeshwi kwa wasiomhusu. Akijipaka katika siku zake za hedhi, ambazo hasali, hana lawama, mradi aitoe yote kwa asetoni kabla ya kukoga josho la twahara, maana josho nalo linataka maji yafike mwili mzima. Akitaka kujipaka baada ya Isha na kuitoa kabla ya Alfajiri, ni pesa zake na kucha zake. Ajuaye kwamba alitawadha kwanza ndipo akajipaka, aweza kusali kwa udhu ule maadamu haujatenguka, lakini ukitenguka hana budi aitoe. Na aliyekwisha sali kwa muda na rangi juu ya kucha, bila ya kujua, kwa madhhabi yetu sala zile zamlazimu azilipe. Najua neno hili ni zito. Asimwendee mtu wa kumkaripia, amwendee mwalimu amsaidie kukadiria siku na kuzilipa kidogo kidogo. Ama kucha za bandia zinazogundishwa zikakaa wiki mbili tatu, hizo hazitoki kwa kitambaa chenye asetoni kwa dakika moja, kwa hivyo taabu yake ni kubwa zaidi.

Wengine huuliza: Je, hatuwezi kupangusa juu yake kama tunavyopangusa juu ya khofu? Hapana. Khofu ina hadithi zake na masharti yake, nayo ni ya miguu tu. Kucha za mkono hazikupewa ruhusa hiyo.

Pia limetoka jambo jipya. Kampuni ya Inglot ya Poland ilitengeneza rangi inayosemwa kuwa yapitisha hewa na mvuke wa maji, na kiasi cha mwaka 2012 na 2013 habari zikaenea kwa Waislamu wa Marekani na Ulaya kwamba rangi hiyo inafaa kwa udhu. Kampuni nyingi zikafuata, zikiandika neno "halali" juu ya kichupa. Watu wakawa wanaijaribu kwa kuipaka juu ya karatasi ya kuchujia kahawa na kutia tone la maji. Wanavyuoni wamehitilafiana. Mimi naona hivi: karatasi si ukucha, na mvuke unaopenya polepole si maji yanayotiririka, na Aya imetuamrisha kuosha. Na tone la maji likihitaji kusuguliwa kwa muda ndipo lionekane upande wa pili, nani kati yetu hutawadha hivyo? Anayeiamini fatwa ya mwanachuoni aliyeiruhusu simtoi katika njia, lakini neno lililoandikwa na mwenye kuuza bidhaa si fatwa.

Limebaki moja ambalo linanitia hofu zaidi kuliko kichupa, nalo ni piko. Hina haiwi nyeusi. Rangi yake ni ya machungwa, nyekundu, hudhurungi. Ile nyeusi ti inayopakwa leo kwa maharusi na kwa watoto wa Sikukuu, ikakolea kwa muda mfupi, ni poda ya kutia nywele rangi. Ndani yake mna kitu ambacho madaktari hukiita PPD, kwa jina refu parafenilinidiamini, nacho hutengenezwa kiwandani. Umoja wa Ulaya umekiruhusu katika rangi za nywele tu, kisizidi asilimia 2 wakati wa kupakwa, na umekataza kisipakwe ngozini. Huko Sudan, ambako wanawake walizoea kukichanganya na hina ili iwe nyeusi na iwahi kukolea, madaktari waliandika tangu miaka ya 1980 juu ya watu waliovimba koo, wakaharibika figo, na wengine wakafa. Katika ngozi hutoa malengelenge, yakipona huacha alama yenye umbo la maua yale yale yaliyochorwa. Na mwili ukishakikataa mara moja hukikataa maisha, hata mtu akija kutia nywele rangi baada ya miaka ishirini.

Sharia yetu imekataza madhara, na mtoto wa miaka mitano hakuchagua. Mama akimpeleka binti yake kupakwa, na aunuse unga kabla haujapakwa. Hina hunuka majani makavu, na ikikandwa huwa ya kijani iliyoelekea udongo. Kinachokorogwa kikawa cheusi pale pale, kikanuka dawa, si hina. Na akiambiwa kwamba hiki kitakolea kwa nusu saa, na amshike mkono mtoto waende zao.

Nimalize kwa suala ambalo waoshaji maiti wetu wa kike wameanza kuliuliza, kwa sababu siku hizi huwakuta wanawake waliofariki ghafla, ajalini au katika uzazi, na kucha zao zimepakwa. Josho la maiti nalo ni josho. Rangi ya chupa itolewe, na muoshaji aweke kichupa cha asetoni na pamba katika vifaa vyake pamoja na sabuni, kunazi na kafuri, aitoe kwa upole bila kuukwangua ukucha hata ukajeruhika. Kucha za bandia zikitoka kwa wepesi zitolewe, na zikigoma visikatwe vidole wala visiumizwe, yaoshwe yanayowezekana. Ama hina, hiyo haiguswi. Huoshwa mkono juu yake kama ulivyo, hukaushwa, hutiwa manukato, na hufungwa ndani ya sanda na rangi yake.